Reli za Mteremko

Nchi ya Gusii ni nchi ya vilima. Ukitoka Kisii kwenda Nyamira, au Ogembo kwenda Keroka, huwezi kutembea hatua elfu moja bila ya kupanda au kuteremka. Kwa hiyo wewe msomaji, ikiwa umezaliwa huko, hukuhitaji kufundishwa darasani kwamba mzigo mzito ni adui wa mtu apandaye, na kwamba mzigo uo huo humsukuma mtu ashukaye hata miguu ikamshinda. Watoto wa vilimani hulijua jambo hili mapema zaidi. Hukata vipande vya mti, wakavitoboa katikati, wakafanya magurudumu, wakaunda gari la mbao lisilo na injini wala usukani wa maana, kisha hulipandisha juu ya kilima kwa jasho jingi ili walipande na kuteremka kwa muda mfupi sana. Hapana atakayewauliza wanapata faida gani. Faida yao ni ule mteremko wenyewe.

Wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma ni kazi, kushuka ndio ngoma. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyoicheza ngoma hiyo ya kushuka. Wengine waliicheza kwa furaha, wakajenga pwani reli za mbao za kuchezea, ambazo kwa lugha ya kigeni huitwa rolakosta. Wengine waliicheza kwa lazima, na kati ya hao walikuwamo watu waliojenga reli katika nchi yetu ya Kenya. Kanuni iliyowaendesha wote ilikuwa moja. Lakini kumbukumbu zao hazikutunzwa kwa namna moja, na hapo ndipo lilipo somo letu.

Asili ya mchezo huu haikuwa pwani, bali katika baridi. Huko Urusi, katika karne ya 17 na ya 18, watu walijenga majukwaa marefu ya mbao wakati wa kipupwe, wakayamwagia maji, na maji yakaganda yakawa barafu. Mtu alipanda ngazi nyuma ya jukwaa, akaketi juu ya kijisleji, akajiachia. Mchezo huu uliwapendeza maskini na matajiri, hata malkia Catherine wa Pili akajengewa jumba la mteremko huko Oranienbaum, karibu na mji wa Saint Petersburg. Wafaransa walipouona mchezo huo waliupenda, lakini Paris haina baridi ya kutosha. Basi wakaondoa barafu wakaweka magurudumu. Mnamo mwaka 1817 palifunguliwa mjini Paris milima miwili ya namna hiyo, yenye magari yaliyoshikwa na njia yake yasiweze kuchopoka. Hata leo lugha kadhaa za Ulaya huuita mchezo huu milima ya Kirusi.

Tawi la pili la ukoo huu halikuzaliwa katika mchezo hata kidogo, bali katika kazi ya makaa ya mawe. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, palikuwa na machimbo juu ya mlima, na chini yake ulikuwapo mji wa Mauch Chunk kando ya mto. Mwaka 1827 wenye machimbo walitandika reli ya maili 9 hivi kutoka juu hadi chini. Mabehewa yaliyojaa makaa yaliteremka yenyewe kwa uzito wake, mtu mmoja akishika breki. Tatizo lilikuwa kuyarudisha juu, na kazi hiyo ilifanywa na nyumbu. Ili nyumbu wawepo chini tayari kuyavuta, waliteremshwa nao katika behewa lao wenyewe. Inasimuliwa kwamba nyumbu hao walipokwisha kuonja raha ya kupanda gari, walikataa kabisa kuteremka mlima ule kwa miguu. Baadaye, katika miaka ya 1840, ilijengwa njia ya kupandia, na mitambo ya mvuke ikachukua kazi ya nyumbu. Reli nyingine zilipolichukua jukumu la kubeba makaa, ile ya Mauch Chunk haikufa. Ikawa ya abiria waliokuja kutoka miji ya mbali ili wateremke tu, na ikaendelea hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi iligeuka kuwa ya furaha.

Mtu aliyeichukua furaha hiyo mlimani akaipeleka pwani aliitwa LaMarcus Adna Thompson, mzaliwa wa jimbo la Ohio mwaka 1848. Kule Coney Island, ufuko ulio ukingoni mwa mji wa New York, watu wa viwandani na madukani walikuwa wakija siku za mapumziko kuoga baharini na kupunga hewa. Mwaka 1884 Thompson alijenga pale reli mbili za mbao zilizokwenda sambamba, zenye mawimbi kama ya bahari, kila moja ikiwa na urefu wa futi 600 hivi. Abiria alipanda ngazi za mnara, akalipa senti 5, akaketi. Gari liliteremka na kupanda vijilima hadi mwisho wa njia. Hapo abiria walishuka, wafanyakazi wakalisukuma gari hadi juu ya mnara wa pili, na abiria wakarudi walikotoka. Mwendo wake haukuzidi maili 6 kwa saa, ambao mpanda baiskeli yeyote angeweza kuushinda. Hata hivyo watu walipanga foleni. Mwaka uliofuata mvumbuzi mwingine, Philip Hinkle, alitumia mtambo kulivuta gari hadi kileleni abiria wakiwa wamekwisha kukaa ndani. Tangu hapo mteremko ukawa mrefu zaidi na mwendo ukawa mkali zaidi.

Huenda ukauliza: gari lisilo na injini hupandaje kilima cha pili na cha tatu? Jibu lake unalo katika gari la watoto wa kijijini. Mtambo hulivuta gari kwa mnyororo hadi juu ya kilima cha kwanza, na hapo kazi ya mtambo huisha. Nguvu yote iliyotumika kulipandisha imewekwa kama akiba katika kimo. Gari linapoteremka, akiba hiyo hugeuka kuwa mwendo, na linapopanda kilima cha pili, mwendo hugeuka tena kuwa kimo. Lakini hakuna matumizi yasiyokuwa na ushuru. Magurudumu husuguana na reli, upepo hulipinga gari, na mbao hutetemeka, na kila msuguano huchukua sehemu yake. Kwa sababu hiyo kilima cha kwanza lazima kiwe kirefu kuliko vyote, na kila kinachofuata hupungua. Mwishoni akiba imekwisha, na gari linasimama kituoni kwa breki ndogo tu. Mjenzi wa reli hizi ni kama mtu mwenye mshahara mmoja wa mwezi mzima. Hana budi kuupima vizuri, maana hapana nyongeza itakayokuja njiani.

Mbao nazo zina sababu yake. Mti hupinda kidogo bila ya kuvunjika na kurudi ulivyokuwa. Gari linapopita kwa kishindo, jengo zima huyumba na kulia, na abiria hudhani kwamba linaanguka, kumbe kuyumba huko ndiko kunakolihifadhi. Hatari iliyowasumbua wajenzi wa kwanza ilikuwa nyingine. Gari likifika kileleni kwa kasi, hutaka kuruka angani badala ya kuifuata njia. Mmarekani John Miller aliliondoa tatizo hilo kwa magurudumu yanayopita chini ya reli na kulishika gari lisinyanyuke, na alipewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1919. Baada ya hapo wajenzi waliweza kutengeneza miteremko ambayo Thompson asingethubutu kuiota.

Reli hizo zilienea katika miji ya pwani ya dunia. Mjini Melbourne, Australia, katika mtaa wa St Kilda unaoelekea ghuba, bustani ya michezo iitwayo Luna Park ilifunguliwa tarehe 13 Desemba 1912 pamoja na reli yake ya mbao. Huko Margate, mji wa pwani kusini-mashariki mwa Uingereza, reli kama hiyo ilianza kazi mwaka 1920 katika bustani iliyokuja kuitwa Dreamland. Reli hizi mbili zilijengwa kwa namna ya kizamani, zisizokuwa na breki za njiani, hivi kwamba mtu mmoja alisafiri pamoja na abiria katikati ya mabehewa, mkono ukiwa juu ya wenzo, akipunguza mwendo penye kona. Na kule kule Coney Island, tarehe 26 Juni 1927, ilifunguliwa reli iliyoitwa Cyclone. Nguzo zake ni za chuma lakini njia yake ni ya mbao. Kimo chake ni futi 85, urefu wa njia ni futi 2,640, na mwendo wake hufikia maili 60 kwa saa. Safari nzima haifikii dakika mbili. Watu wamevuka bahari ili wazipate dakika hizo.

Lakini msomaji, nisikufiche upande wa pili. Ngoma hii haikuwa ya wote. Katika sehemu nyingi za Marekani bustani za michezo ziliwekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mtoto mweusi aliweza kuiona reli ya mbao kwa mbali, kusikia vigelegele vya wenzake, na kujua kwamba senti zake hazitapokewa mlangoni. Karibu na Washington, mji mkuu wa nchi hiyo, ilikuwapo bustani iliyoitwa Glen Echo. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi, wengi wao wakiwa wa Chuo Kikuu cha Howard, waliingia humo, wakaketi juu ya farasi wa mbao wa pembea ya mzunguko, wakakataa kuondoka. Watano kati yao walikamatwa. Majira yote ya joto watu weusi na weupe waliokuwa jirani walisimama mlangoni na mabango yao. Mwaka 1961 bustani ikafunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1964 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ikazifuta hukumu za wale watano. Wengine watasema kwamba pembea ni jambo dogo la kukamatiwa. Wale vijana hawakufikiri hivyo. Mtu anayekuzuia usicheze naye amekwisha kuamua kwamba wewe si mtu kamili.

Sasa turudi kwetu. Miaka 15 tu baada ya Thompson kukusanya senti zake Coney Island, katika nchi hii palikuwa na watu waliosimama juu ya mteremko mkubwa kuliko minara yake yote, wala hawakuwa na nia ya kucheza. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Kazi ilianza mwaka 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, na mwishoni mwa Mei 1899 reli ikafika Nairobi, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na mji. Kutoka hapo njia ilipanda nchi ya Wakikuyu, na ghafula ardhi ikakatika. Mbele yao lilikuwa Bonde la Ufa, na sakafu yake ilikuwa zaidi ya futi 1,000 chini ya miguu yao.

Wahandisi walijua jinsi ya kuliteremka bonde hilo kwa njia ya kudumu. Ilihitaji kuzunguka ubavuni mwa mlima na kujenga madaraja marefu ya chuma juu ya mabonde madogo. Lakini madaraja huchukua muda, na vyuma vyake vilikuwa bado kuletwa kutoka ng'ambo. Je, kazi yote isimame ikingoja? Whitehouse aliamua kujenga njia ya muda, reli iliyonyoka kuteremka uso wa mlima, na mabehewa yakashushwa kwa kamba nene za waya. Mahali palipokuwa pakali kabisa, njia ilishuka kiasi cha futi 1 kwa kila futi 2. Behewa la kawaida haliwezi kusimama penye mwinamo kama huo bila ya kumwaga mzigo wake. Kwa hiyo yalitengenezwa magari maalumu yenye jukwaa, upande mmoja wa magurudumu ukiwa juu na wa pili ukiwa chini, ili jukwaa libaki sawasawa kama meza. Behewa liliingizwa juu ya jukwaa, likafungwa, likateremshwa. Uzito wa lililoshuka lenye shehena ulisaidia kulivuta juu jingine lililo tupu, kwa kuwa yalifungwa katika kamba moja iliyozunguka gurudumu kubwa kileleni, na breki zikazuia mwendo.

Tazama jinsi kanuni ilivyo ile ile. Mauch Chunk, uzito wa makaa ulifanya kazi ya injini. Coney Island, uzito wa abiria ulifanya kazi hiyo. Hapa kwetu, uzito wa vyuma na mataruma ya reli ulijiteremsha wenyewe ili utandikwe bondeni, na kazi ikasonga mbele kuelekea Naivasha na Nakuru. Njia hiyo ya kamba ilitumika tangu mwaka 1900 hadi Novemba 1901, njia ya kudumu ilipokamilika. Mwezi uliofuata, Desemba 1901, reli ilifika ukingo wa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu.

Safari za kamba ile hazikuwa na vigelegele. Waliojenga reli hiyo, kwa sehemu kubwa, walikuwa vibarua waliochukuliwa kutoka Bara Hindi, ambao idadi yao ilikuwa 31,983. Kati yao 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Pamoja nao walifanya kazi Waafrika waliobeba mizigo, kukata miti na kuchimba udongo, na wao hesabu yao haikuandikwa kwa uangalifu kama huo. Anayelipia tiketi pwani hununua woga kidogo akijua kwamba atafika salama. Kibarua wa mteremkoni alilipwa ili aukabili woga wa kweli, wala hakuahidiwa kwamba atafika.

Huenda ukasema kwamba reli hiyo haikupita Gusii. Ni kweli, na hata leo garimoshi halijapata kufika Kisii wala Nyamira. Hata hivyo, yale yaliyoteremshwa kwa kamba katika Bonde la Ufa yalifika kwenu kwa njia nyingine. Reli ilipofika ziwani, Kisumu ikawa makao ya utawala wa Waingereza katika upande huu wa nchi, na macho ya watawala yakageukia vilima vya kusini. Mwaka 1905 jeshi lao liliingia Gusii, likaua watu wengi na kuteka ng'ombe. Mwaka 1907 wakaanzisha kituo chao pale ambapo leo ni mji wa Kisii. Mnamo Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma kwa mkuki mtawala wa kituo hicho, Northcote, ambaye alijeruhiwa lakini hakufa. Nabii Moraa Ng'iti ndiye aliyekuwa amewahimiza vijana wa Abagusii wasikubali kutawaliwa. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali: nyumba zilichomwa, mifugo ilichukuliwa, na watu wakauawa tena. Kuanzia kamba ile ya waya hadi mkuki wa Otenyo ni miaka minane tu. Mambo ya dunia yameunganishwa kwa namna ambayo mtu aliye kilimani mwake haioni mpaka imfikie mlangoni.

Sasa tuulize: vitu hivi vyote vilipatwa na nini baadaye? Reli za mbao za kuchezea zilistawi sana katika miaka ya 1920. Kisha ikaja dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930, halafu vita vikuu, na bustani nyingi zikafungwa. Mbao huoza upesi zisipotunzwa, na mtu asiye na fedha ya kununulia chakula hanunui mteremko. Zile zilizobaki zilipata mshindani mpya, reli za mabomba ya chuma, laini na nyepesi kutunza, zilizoanza kuonekana California mwaka 1959. Watu wengi walidhani kwamba siku za mbao zimekwisha.

Hata Cyclone iliponea chupuchupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 palikuwapo shauri la kuibomoa ili mahali pake papanuliwe jumba la kuonyeshea samaki lililokuwa jirani. Shauri hilo halikuwa la kipuuzi, kwa maana samaki nao huwafundisha watoto, na reli ile ilikuwa imechakaa. Lakini watu walioipenda walipinga. Mwaka 1975 ilikodishwa kwa wenye bustani ya jirani, wakaitengeneza, ikafunguliwa tena. Mwaka 1988 mji wa New York uliitangaza kuwa kumbukumbu inayolindwa kisheria, na mwaka 1991 ikaandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa historia. Kule Margate vita vilikuwa virefu zaidi. Reli ya Dreamland ililindwa kisheria mwaka 2002, lakini sheria peke yake hailindi mbao na njaa ya mchwa wala tamaa ya wenye viwanja. Bustani ikafungwa. Mwezi Aprili 2008 moto uliteketeza yapata robo ya jengo. Wenyeji waliokuwa wamekwisha kuunda chama cha kuiokoa hawakukata tamaa. Halmashauri ya mji wao ikakichukua kiwanja kwa nguvu ya sheria, mbao mpya zikachongwa kwa kipimo cha zile za zamani, na Oktoba 2015 gari likateremka tena.

Pima, msomaji, mambo haya mawili pamoja. Kwa ajili ya chombo cha kuchezea, watu walikusanya fedha, wakaenda mahakamani, wakabishana na wenye mali kwa miaka mingi. Kamba ya Bonde la Ufa, iliyoteremsha reli iliyobadili maisha ya mamilioni ya watu, iliondolewa mara tu kazi yake ilipokwisha, na wengi wapitao kwenye ukingo ule wakielekea Naivasha husimama kupiga picha za bonde pasipo kujua kwamba palikuwa na kitu kama hicho. Sisemi kwamba Wamarekani na Waingereza walikosea kutunza mchezo wao. Walifanya vema. Mahali ambapo babu na bibi walicheka pamoja ni sehemu ya historia ya nchi, kama palivyo mahali pa vita. Ninachosema ni kwamba vitu havitunzwi kwa ukubwa wake, bali kwa upendo wa watu waliokataa kuvisahau. Palipokosekana watu hao, hata jambo kubwa hufutika kama nyayo katika mvua.

Basi tazama vilima vyenu kwa jicho hilo. Mawe ya sabuni ya Tabaka yamezifikisha kazi za mikono ya wachongaji wa Gusii katika nchi nyingi za dunia. Ni wangapi wanaojua machimbo yalianza vipi, na ni nani waliozichonga sanamu za kwanza kuuzwa nje? Ukuta wa mawe wa Manga unaonekana kutoka mbali. Ni masimulizi gani yaliyobaki juu yake, na ni nani aliyeyaandika? Waliouona mwaka 1908 wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu wao wako hai, na waliyosimuliwa jioni kando ya moto bado yamo vifuani mwao. Mambo hayo hayahitaji mbao wala misumari. Yanahitaji daftari, kalamu, na kijana mwenye adabu ya kuketi na kusikiliza.

Wala usidharau vitu vidogo. Gari la mbao la watoto, lenye magurudumu yaliyotobolewa kwa chuma cha moto, ni chombo chenye historia. Kila kizazi hukitengeneza kwa namna yake, na namna hizo hupotea bila ya mtu kuziona zikipotea. Kama mtu wa Pennsylvania asingeandika habari za nyumbu waliokataa kutembea, tusingewajua leo, na dunia ingekuwa na hadithi moja pungufu.

Nimekwisha kukuonyesha kwamba mbele ya kila mteremko pana kupanda, na kwamba gari la mbao haliwezi kufika mbali kuliko kimo lilichopandishwa mwanzoni. Jambo hilo ni kweli juu ya reli, na ni kweli juu ya mtu anayejifunza. Miaka hii ya shule ni kilima chako cha kwanza. Kazi ya kukipanda ni ngumu na mnyororo hupiga kelele, lakini nguvu utakayoitumia katika vilima vyote vitakavyofuata ni ile unayoiweka akiba sasa.

Kwa hiyo siku utakaposafiri kutoka Kisii kwenda Nairobi, na gari likaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa baada ya Naivasha, usilale. Tazama dirishani ule uso wa mlima. Hapo mabehewa yalining'inia katika waya, na hapo watu ambao majina yao hatuyajui walishika breki kwa mikono yao, mwaka 1900 na mwaka 1901. Kisha umweleze aliyeketi karibu nawe.